Kigae hakibanduki chenyewe

Alasiri moja ya mwezi wa Januari, jua la Kisumu likiwa limekaza kama likazavyo kila mwaka kabla ya masika, nilikuwa sebuleni nikisahihisha insha za wanafunzi niliposikia kishindo chini ya meza. Vigae vinne vya sakafu vilikuwa vimeinuka na kuegemeana mithili ya paa la kibanda. Nilimpigia simu wakala wa mwenye nyumba. Siku ya tatu yake alinijia na fundi, na mkononi akawa na karatasi niitie sahihi. Karatasi ile ilikuwa na maneno mawili tu kuhusu chanzo cha uharibifu: "Vigae vilibanduka."

Fundi, mtu wa makamo kutoka Nyalenda, alipiga magoti, akagonga sakafu kwa mpini wa nyundo, akatega sikio. "Mwalimu," akaniambia, "hapa chini ni patupu, gundi haikuenea. Tena aliyepanga hivi vigae alivibananisha. Hakuacha nafasi hata ya kupitisha kisu. Joto likija vinatanuka, na havina pa kwenda ila juu." Nikamwuliza iwapo alikuwa amemweleza wakala mambo hayo. "Yeye aliniuliza ni vigae vingapi," akajibu, akaendelea na kazi yake.

Msomaji mpendwa, huenda ukashangaa mwalimu wa isimu anatafuta nini katika habari za vigae. Nakusihi univumilie, kwa maana maneno yale mawili ya wakala yamenikalia moyoni. Nimeyakuta katika taarifa za ajali za ziwa letu, nimeyakuta katika kumbukumbu za mikutano ya wasomi, na nimeyakuta, kwa sura nyingine, katika kisa cha vigae mashuhuri kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa na binadamu, yaani vile vilivyofunika vyombo vya angani vya Marekani.

Tuanze na vigae hivyo. Chombo kirudicho duniani kutoka angani huingia katika hewa kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba joto lake hutokana na kusuguana na hewa. Kwa hakika sehemu kubwa ya joto hilo hutokana na hewa iliyo mbele ya chombo kugandamizwa ghafla hata ikawaka. Mwili wa chombo hicho ulikuwa wa aluminiamu, ambayo haikutakiwa kupata joto lipitalo nyuzi 175 hivi za sentigredi, ilhali nje palifika nyuzi 1,200 na zaidi. Ndipo wahandisi wakakivika chombo cha kwanza, Columbia, vigae zaidi ya 30,000 vya nyuzi za silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga safi. Sehemu kubwa ya kila kigae ilikuwa hewa tupu, na ndiyo maana kilikuwa chepesi ajabu, na mtu aliweza kukishika pembeni kwa vidole hali ndani yake bado kinang'aa kwa moto.

Basi mbona vilibanduka? Sababu ya kwanza ni ile ile ya sebuleni kwangu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka sana. Silika hutanuka kidogo mno, kiasi kwamba tofauti baina yake ni ya makumi ya mara. Ukiganda kigae kikavu moja kwa moja juu ya aluminiamu, chini patanyooka na juu patakataa, na lazima kitu kipasuke. Kwa hiyo wahandisi waliweka kati yake kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa, kikagundishwa chini kwa aluminiamu na juu kwa kigae, ili kiwe kama mpatanishi anayenyumbuka. Baina ya kigae na kigae wakaacha mwanya. Fundi wa Nyalenda angewasifu.

Lakini mpatanishi naye alikuja na kasoro zake. Mwezi wa Machi 1979 Columbia ilibebwa mgongoni mwa ndege ya Boeing 747 kutoka California hadi Florida. Maelfu ya vigae yalikuwa hayajapachikwa bado, na baadhi ya vilivyopachikwa vilianguka njiani, kabla chombo hakijaonja safari ya angani. Uchunguzi ulionyesha kwamba gundi ilikuwa njema, kigae chenyewe kilikuwa chema, na kitambaa kilikuwa chema, lakini vitatu hivyo vilipounganishwa nguvu yao ilipungua sana. Nyuzi za kitambaa zilizosimama wima zilikuwa zikivuta kigae mahali pachache tu badala ya kueneza mvuto kote, hata upande wa chini wa kigae ukameguka. Dawa yake ilikuwa kubandua vigae kwa maelfu, kuupaka upande wa chini uji wa silika ili uwe mgumu, na kuvibandika upya. Kazi hiyo ilichangia kuichelewesha safari ya kwanza hadi tarehe 12 Aprili 1981, na hata hivyo vigae 16 vilitoka katika safari hiyo.

Sababu hii haijazeeka. Chombo cha Orion kiliporudi kutoka mwezini Desemba 2022, ngao yake, ambayo imetengenezwa ili iungue polepole na kuondoka na joto, ilikutwa imemeguka mahali zaidi ya 100. Mwishoni mwa mwaka 2024 shirika la NASA likaeleza kwamba gesi zilizozaliwa ndani ya ngao kwa joto zilikosa njia ya kutokea, zikasukuma hata zikapasua. Nilipoisoma taarifa hiyo nilimkumbuka yule fundi. Hazikuwa na pa kwenda.

Hata hapa ziwani elimu hii si ngeni. Nenda Dunga asubuhi ukawatazame mafundi wa mashua. Hawatarajii mbao mbili zishikane milele kwa misumari peke yake. Hujaza pamba katika nyufa, wakaishindilia kwa patasi na nyundo, kazi ambayo ndugu zetu wa pwani huiita kalafati, na wanajua kwamba mbao zikinywa maji zitavimba na kujibana zenyewe. Mashua iliyolala juani majuma kadhaa huvuja ikirudishwa majini, kwa sababu mbao zimesinyaa na nyufa zimefunguka. Mvuvi hasemi "mashua imevuja" akaishia hapo. Atauliza nani aliyeiacha juani.

Na sasa nirejee kwenye shamba langu mwenyewe, ambalo ni sarufi.

Kila mwanafunzi wa sekondari nchini amekariri mnyambuliko wa vitenzi, aghalabu kwa kuchukia. Kiswahili kina kauli ya kutendua: tunabandika, kisha tunabandua, tunaziba, kisha tunazibua, tunafunga, kisha tunafungua. Hekima kubwa imefichwa humo, kwamba kila kilichounganishwa na mkono kina njia yake ya kuachana. Kisha lugha hutupa kauli ya kutendwa: kigae kilibanduliwa. Hapo msikilizaji ana haki ya kuuliza, na nani? Kiambishi chenyewe kinamwachia mtenda mlango wazi, hata kama hatajwi. Hatimaye kuna kauli ya kutendeka: kigae kilibanduka. Katika kauli hii mtenda hana nafasi. Huwezi kusema, "Kigae kilibanduka na fundi." Sarufi itakukatalia. Tukio limejitokeza kama mvua inyeshavyo, na mbele yake tunaweza tu kuinua mabega.

Sidai kwamba kauli ya kutendeka ni ovu. Twaihitaji. Kikombe huvunjika, nguo huchanika, na mara nyingi hapana haja ya kumtafuta mtu. Isitoshe, wakati wa kwanza wa uchunguzi ni uungwana kusema "kilibanduka" maadamu hatujajua zaidi. Lawama yangu ni kwa wale wanaoifanya kauli hiyo kuwa neno la mwisho, wakatia nukta, wakafunga faili.

Gharama ya mazoea hayo ilionekana dhahiri tarehe 1 Februari 2003, Columbia ile ile ilipovunjika angani juu ya Texas ikirudi nyumbani, na wanaanga saba wakafariki. Ieleweke kwamba safari hii halikuwa suala la kigae kulegea. Sekunde 82 hivi baada ya kuondoka, tarehe 16 Januari, kipande cha povu gumu la kuzuia joto kilitoka katika tangi kubwa la mafuta na kuligonga bawa la kushoto ukingoni mwake, mahali palipofunikwa kwa paneli za kaboni, kikatoboa. Kipande chenyewe hakikupita robo tatu ya kilo sana. Siku kumi na sita baadaye hewa ya moto ikaingia kwa tundu hilo.

Povu lilikuwa likitoka tangu safari za awali. Katika masharti ya kwanza ya chombo hicho ilikuwa marufuku kitu chochote kukigonga. Povu likatoka, vigae vikaumia, chombo kikarudi salama, vigae vikakarabatiwa. Likatoka tena, kikarudi tena. Mwezi wa Desemba 1988 chombo cha Atlantis kilirudi na vigae zaidi ya 700 vilivyoharibika kwa vifusi vilivyotoka katika roketi ya pembeni, na kimoja kikiwa kimetoka kabisa. Wanaanga wale waliokolewa na bamba nene la antena ambalo kwa bahati lilikuwa chini ya pengo hilo. Kadiri miaka ilivyopita, kugongwa kukahamishwa kutoka fungu la mambo ya hatari kwa usalama hadi fungu la mambo ya matengenezo. Mamlaka hayakubadilisha povu; yalibadilisha jina la fungu.

Wakati Columbia ingali angani, wahandisi waliomba picha za bawa zipigwe. Hazikupigwa. Wakuu walionyeshwa ukurasa wa maelezo ambamo neno moja la Kiingereza, lenye kuweza kumaanisha "kubwa", "muhimu" au "la kuzingatiwa", lilitumika mara tano bila kipimo, ilhali habari nzito kuliko zote, kwamba kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na ujazo wa mamia ya mara kuliko vile vilivyotumiwa katika majaribio, iliwekwa mstari wa mwisho. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake Agosti 2003 iliukemea mtindo huo wa kuandika, na ikatamka bayana kwamba desturi za shirika zilichangia ajali ile sawasawa na povu lenyewe. Hayo yamo katika ripoti ya wahandisi na wanajeshi. Mwalimu wa lugha hakuwapo kuyatia.

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni ya Wamarekani na mabilioni yao. Hebu tuyarudishe ziwani. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikielekea Mwanza, ilipinduka na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 feri ya MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kabla ya ajali hizo, sisi Wakenya tulikuwa na Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, ambako feri ilipinduka na watu 272 wakaangamia. Angalia kitenzi: ilipinduka, ilipinduka, ilipinduka. Ni kauli ile ile ya vigae vyangu. Lakini MV Nyerere iliruhusiwa kubeba abiria 101, na siku ile ilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Ziwa Viktoria halikuuza tikiti. Abiria wa mia mbili hakupanda kwa kujificha. Alipita mbele ya mtu aliyekuwa na wajibu wa kuhesabu. Ukisema feri ilipinduka, umesema kweli, na kwa kweli hiyo umemruhusu mwenye kuhesabu aende zake nyumbani.

Wala simaanishi kwamba tumtafute maskini mmoja tumsulubishe. Hilo nalo ni njia nyingine ya kufunga faili. Aliyevibananisha vigae vyangu pengine alilipwa kwa siku moja kazi ya siku tatu. Aliyempa gundi kidogo alikuwa na wake aliyempa fedha kidogo. Mwenye nyumba alitaka wapangaji waingie mwisho wa mwezi. Columbia vilevile haikuangushwa na mhandisi mmoja. Iliangushwa na mlolongo wa watu waliosaini fungu lililobadilishwa jina. Ninachoomba ni kwamba mlolongo huo uandikwe kwa vitenzi vyenye watenda, kiungo kwa kiungo, ili ajaye baadaye aone pa kushika. Fundi wa pili akisoma "vilibanduka", atabandika kama alivyobandika wa kwanza. Akisoma "aliyebandika hakuacha mwanya", ataacha mwanya.

Sitakuwa mwadilifu nikimnyoshea kidole wakala wa nyumba nikajisahau. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja hakulikuta jina lake katika orodha ya mahafali. Nilimwandikia barua, kwa Kiswahili sanifu kisicho na doa: "Alama zako zilichelewa kufika." Hazikuchelewa. Nilizichelewesha mimi. Karatasi zilikaa majuma matatu katika mkoba nyuma ya kiti cha gari langu. Mamake alikuwa ameshashona nguo na kulipia nauli ya jamaa kutoka Bondo. Kijana yule alisubiri mwaka mzima, na kwa mwaka huo mzima alidhani ofisi fulani isiyo na uso ndiyo iliyomkosea, kwa sababu barua yangu haikuwa na uso. Nimefundisha kauli ya kutendeka kwa takriban miaka kumi na mitano, na sikuwahi kuifahamu vyema kama siku ile nilipokuwa nikijificha ndani yake.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa wahariri wa magazeti yetu, likiwemo hili: taarifa ikija kutoka ofisi ya serikali ikisema daraja liliporomoka, dawa zilikosekana, au fedha zilipotea, mwandishi asiipokee kabla hajauliza swali ambalo kitenzi kimelificha. La pili ni kwa serikali za kaunti za ziwani, kuanzia Busia hadi Migori. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ripoti za ajali za maboti na za majengo ziandikwe basi kwa lugha ambayo mvuvi wa Dunga na fundi wa Nyalenda wanaweza kuisoma, maana wao ndio wangeweza kusema mara moja ni wapi pamba haikushindiliwa. La tatu ni kwa walimu wenzangu. Tunapofundisha mnyambuliko wa vitenzi, tusiufanye wimbo wa kukariri kwa ajili ya mtihani. Tumpe mwanafunzi taarifa ya kweli kutoka gazetini, tumwambie airudishe kutoka kutendeka hadi kutenda, na aseme ni habari gani anayokosa ili aweze kufanya hivyo. Habari hiyo anayoikosa ndiyo uchunguzi unaopaswa kuanza.

Wazee wetu, ambao hawakusoma isimu, walilijua jambo hili. Hawakutuachia msemo kwamba ufa usipozibika ukuta utaanguka. Walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kitenzi kina nafsi, na nafsi hiyo ni wewe.

Vigae vyangu vilirudishwa, safari hii kwa mwanya wa milimita tatu. Ile karatasi ya wakala sikuitia sahihi hadi niliporuhusiwa kuongeza mstari mmoja kwa mkono wangu. Na barua ya pili kwa yule mwanafunzi, ambayo nilipaswa kuiandika zamani, nimeitia posta juma hili. Inaanza hivi: "Nilikuchelewesha."